Walimcheka dada aliyewaonya, koi wangu wakafa

Ukiulizia koi, wale samaki wa rangi wa kufugia mapambo, hapa Nairobi, haichukui muda kabla hujaelekezwa kwa jamaa mmoja mwenye mabwawa ya udongo upande wa Barabara ya Kangundo. Jina lake silitaji, wanaomjua watamjua. Samaki wake ni wazuri, na hilo nalisema nikiwa na hasira hivi hivi. Ila ile huduma yake ya kutuma mtu nyumbani kusafisha bwawa na chujio, tafadhali, usiifungulie geti.

Ilikuwa ule msimu wa baridi, Julai au Agosti ilipoanza. Akamtuma kijana wake kwetu Kasarani. Mimi nilikuwa kazini mjini. Nyumbani alikuwapo dada anayetusaidia kazi, na huyo dada ndiye analijua lile bwawa la uani kuliko mtu yeyote, mimi nikiwemo. Kijana akafungua chujio, akatoa sponji zote kwa mpigo, akazitandaza kwenye saruji, akavuta mpira wa maji kutoka bombani. Dada akamwambia kwa upole, "Ndugu, hizo hatuzioshi kwa maji ya kanjo. Tunazikamua kwenye ndoo ya maji ya bwawa, tena nusu leo, nusu wiki nyingine."

Kijana akacheka. Akamwuliza kama aliajiriwa kufuga samaki au kupika. Akamwambia arudi jikoni akaangalie sufuria zake, mambo ya koi awaachie waliosomea.

Dada hakunyamaza. Alimwambia mara ya pili kwamba siku hiyo ni zamu yetu ya maji, kwamba yanatoka bombani yakiwa na dawa bado, kwamba hata ya kuongezea bwawa huwa tunayachota kwenye tangi lililo wazi baada ya kukaa siku mbili. Kijana akaosha sponji zile mpaka zikawa nyeupe pepepe. Kisha akafyonza karibu theluthi ya maji ya bwawa na kujaza kwa mpira ule ule. Akapiga picha ya kazi nzuri, akamtumia bosi wake, akaenda zake.

Kwa wale ambao hawajawahi kufuga: ule utelezi wa kahawia unaouona kwenye sponji ndio moyo wa bwawa. Koi hutoa amonia mchana kutwa, nyingi yake kupitia matamvua. Humo kwenye utelezi mnaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi nane kujijenga, na kwenye baridi ya Julai huchukua zaidi. Maji mengi ya jiji yanatoka bwawa la Ndakaini na kutiwa klorini kwenye mtambo wa Ng'ethu ili sisi tusiugue, na nashukuru kwa hilo, lakini klorini haichagui kiumbe cha kuua. Kuosha chujio zima kwa maji hayo ni kama kuua hamira halafu ukae ungoje mandazi yaumuke. Na hiyo ni hatari ya polepole. Ya haraka ni kwamba klorini huyaunguza matamvua yenyewe.

Dada alinipigia simu jioni nikiwa bado njiani. "Mama, samaki wote wako juu, wanameza hewa." Kabla sijamaliza kusema neno akaniambia ameshatia dawa ya kuua klorini, ile sodiamu thaiosalfeti tunayoiweka kwenye mkebe juu ya kabati, na ameshusha pampu ya hewa ya pili kutoka kwenye pipa la vifaranga. Hakuna aliyemwagiza. Huku kwetu tuko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na maji ya hapa hubeba oksijeni pungufu kwa takriban moja ya sita yakilinganishwa na ya Mombasa yenye joto lile lile. Samaki mwenye matamvua yaliyoungua hana akiba. Nilipofika nyumbani nilimkuta amepiga magoti pembeni ya bwawa, amemshika Kohaku wetu jike, koi mweupe mwenye mabaka mekundu, mbele ya mapovu ya pampu, anajaribu kumpumulisha. Alifia mikononi mwake.

Baadhi ya waliobaki walifuata mmoja mmoja siku zilizofuata, kwa sababu sasa hapakuwa na kitu cha kula ile amonia. Bwawa letu liko juani na maji yake yana ukijani, kwa hiyo mchana pH hupanda, yaani tindikali ya maji hupungua, na pH ikipanda amonia ile ile huwa sumu kali zaidi. Tukaacha kulisha. Tukabadilisha maji kidogo kidogo kutoka kwenye tangi. Nitriti ilipoanza kupanda tukatia chumvi ya mawe, kilo moja kwa kila lita elfu, ili nitriti isiingie kwenye damu yao. Waliopona wamepona kwa sababu ya dada. Nataka hilo lieleweke vizuri: kwa sababu ya mtu aliyeambiwa arudi kwenye sufuria.

Huyo Kohaku alikuwa mzazi. Mvua ndefu zilipoanza alitaga kwetu hapo hapo uani. Anayefuga anajua asubuhi ya namna hiyo: madume wanamkimbiza jike tangu alfajiri, wanamsukuma ubavuni, maji yanaruka mpaka kwenye kamba za nguo. Dada alikuwa ameshafumua kamba za nailoni na kuzifunga mafungu mafungu yakaning'inia majini, na mayai yakanata humo. Jike wa koi hutaga mayai kama laki moja kwa kila kilo ya uzito wake, na wazazi wenyewe huyala yote usipowahi. Tukahamisha kamba kwenye pipa. Mayai yaliyo hai hubaki kama kioo, yaliyokufa hugeuka meupe na kuota ukungu, na huo ukungu huenea kwa majirani zake. Katika maji ya nyuzi 20 hadi 22 hivi, yanaanguliwa baada ya siku tatu hadi tano. Kifaranga aliyetoka hajui kuogelea, anaganda kwenye ukuta wa pipa akiishi kwa kiini alichozaliwa nacho, kisha siku moja unaona pipa zima limeanza kutembea. Dada alichemsha yai, akachuja kiini chake kwa kipande cha leso kikuukuu mpaka kikawa kama moshi ndani ya maji. Aliwalisha hivyo mara kadhaa kwa siku, na usiku alikuwa anaamka kuangalia kama stima imepotea na pampu imezima. Mimi nililala.

Kisha kuna kazi ya kuchagua, ambayo wengi hawaambiwi wanaponunua jozi ya kwanza kwa ndoto ya kuuza vifaranga. Wengi mno katika uzao mmoja hutoka na rangi isiyofaa, au rangi ya kijivu tu, au mdomo uliopinda. Nyekundu ya Kohaku inatakiwa ikae juu ya nyeupe safi na kingo zake zieleweke. Dada ana jicho la kazi hiyo. Waliobaki baada ya mchujo ndio tuliompelekea jamaa awakuze kwenye bwawa lake la udongo, kwa malipo ya kila mwezi.

Sasa turudi kwa jamaa mwenyewe. Samaki walipokufa nilimpigia simu. Nilimweleza kila kitu bila kupandisha sauti. Akaniacha nimalize, kisha akasema: "Samaki hufa, madam. Hata watu hufa." Nikamwuliza, je, kijana wako hakuonywa? Akajibu, "Sasa madam, utaniletea maneno ya msichana wa kazi? Yeye anajua nini kuhusu chujio?"

Ningeweza kumsamehe mtu asiyejua. Huyu anajua, na hilo ndilo linaloniumiza. Mara ya kwanza nilipofika kwake nilimkuta ndani ya tope mpaka magotini, na kwa mikono hiyo hiyo ya tope akanionyesha ndoo anayokamulia sponji za matangi yake ya ndani, imejaa maji ya bwawa. Yeye mwenyewe! Alinieleza kwa nini alichagua upande ule wa mji: udongo wake mweusi ni mfinyanzi, ukishashindiliwa ukiwa na unyevu unashika maji bila laina ya plastiki, mradi usiuache ukauke ukapasuka. Alinionyesha jinsi anavyotia samadi kidogo mpaka maji yawe ya kijani na vijidudu vianze kuzaana, hivyo kifaranga anakula mchana kutwa bila kutupiwa chakula. Ametandaza nyuzi juu ya mabwawa kwa ajili ya korongo. Akaniambia kule Niigata, Japani, ambako koi wa rangi walianzia, wafugaji huwaachia samaki wao kwenye mabwawa ya tope mwanzo wa kiangazi na kuwavua karibu Oktoba kabla theluji haijaanguka, ila sisi huku hatuna theluji, samaki anaweza kukaa humo mwaka mzima na kupunguza tu kula kwenye baridi.

Akanisimulia pia lile tetemeko la Oktoba 2004 lililopiga Yamakoshi, huko huko Niigata, mabwawa yakapasuka, barabara zikakatika, na baadhi ya samaki wakatolewa kwa helikopta. Aliposimulia hayo sauti yake ilishuka, nikaona macho yake yamelowa. Nilimpenda siku hiyo, nikamwambia mume wangu nimempata mtu. Mtu anayewalilia samaki wa Yamakoshi anawezaje kuniambia samaki hufa?

Na kazi ya mabwawa yake, jamani, siwezi kuidanganyia. Wale vifaranga tuliompelekea wakiwa wembamba kama njiti za kiberiti, nilipokwenda kuwaona kabla ya haya yote, wavu ulipopandishwa nilishika mdomo. Nyekundu iliyoiva, migongo minene, ngozi inayong'aa namna ambayo bwawa langu la saruji halitaweza kuipata hata nikinunua chakula cha bei gani. Kwa hiyo ukiniuliza kama umpelekee vifaranga wako awakuze, nitasema ndiyo. Mpelekee. Na ukitaka kununua, nunua kwake, halafu uwatenge peke yao wiki tatu au nne kabla ya kuwachanganya na wako, kama unavyopaswa kufanya na samaki wa mtu yeyote, maana virusi vya hepesi vya koi vikiingia bwawani vinaweza kufagia karibu wote.

Hapo nilikuwa nataka kuishia, niseme samaki ndiyo, usafi hapana. Lakini nimeisoma tena hiyo sentensi ya kwamba umpelekee vifaranga wako na mkono wangu unakataa. Ukimpelekea, ni nani atakayekwenda kuwaangalia? Kwetu ni dada. Ndiye anayepanda matatu mpaka kule na kopo la vipimo, ndiye aliyempigia jamaa simu wakati wa mvua akamwambia ukingo wa bwawa la tatu unavuja, naye akauziba, na hakumwuliza siku hiyo kama anajua nini. Watoto wa yule Kohaku bado wako humo. Mume wangu anasema tuwaache wakue, kuwatoa sasa kwa ajili ya hasira ni kuwaadhibu wao, na najua anasema kweli kuhusu samaki. Lakini simtumi dada tena akasimame mbele ya wanaume wale.

Basi nabadilisha ushauri wangu: usinunue kwake, usimpelekee, mpaka ajifunze kuongea na watu. Kuna wafugaji wadogo Ruiru na Kikuyu, samaki wao hawajafikia hawa kwa rangi, nimewaona, lakini wanaulizwa swali wanajibu. Na yeyote utakayemwita kusafisha chujio, simama naye. Akigusa bomba, mzuie. Kama wewe haupo, mwambie mapema kwamba aliyeko nyumbani ndiye mwenye bwawa, na akimpinga asilipwe.

Jamaa amenitumia ujumbe kwamba yuko tayari kunipa Kohaku mwingine wa ukubwa ule ule, bure, akipewa nafasi ya kuzungumza. Nimemjibu kwamba mimi hajanitukana. Namba ya dada anayo.