Preseti za Lightroom: zilizofuta hina ya bibi harusi, na nilizobaki nazo

Mama mzazi wa bibi harusi alinipigia saa mbili asubuhi. Baada ya shikamoo yangu na marahaba yake hakuzunguka: "Mwanangu, hina imekwenda wapi?"

Usiku wake nilikuwa nimewatumia picha kumi na tano za kuonja, nikijisifu moyoni kwamba Tanga nzima hakuna anayekabidhi kazi kama ile siku mbili tu baada ya harusi. Nikafungua laptopu. Kweli, hina hakuna. Binti aliyekaa tangu alasiri mpaka watu wanalala, akichorwa maua hadi kwenye viwiko, alionekana kama mtu aliyepaka hina Ramadhani iliyopita. Piko ilibaki nyeusi vizuri, lakini ile nyekundu ya kuiva iliyojaa katikati ya maua ilikuwa imepauka kama chai ya maziwa mengi. Nilipoangalia uso nikaona na ngozi imekwenda nayo. Bibi harusi wetu ni maji ya kunde, na mimi nimemfanya rangi ya jivu la kuni.

Shangazi yake alikuwa na neno lake, akalituma kwa sauti kwenye WhatsApp huku wenzake wanacheka nyuma: "Mpiga picha, nani kakwambia mtoto wetu anataka mkorogo?"

Mkorogo wenyewe ulikuwa preseti, na mpakaji ni mimi.

Kwa asiyezifahamu, preseti ni mipangilio ya kuhariri picha iliyohifadhiwa kwa jina moja. Ukibofya, slaida zote, yaani vile vitufe vya kuburuta kushoto na kulia, zinakwenda mahali zilipopangwa kwa mkupuo: mwanga, joto la rangi, vivuli, ukolevu wa kila rangi, hata chengachenga za kuigiza filamu ya zamani. Picha yenyewe haiguswi. Lightroom, programu ninayohariria picha, inaandika maelekezo pembeni tu, hivyo ukichukia matokeo unarudi ulipotoka bila hasara. Ndiyo sababu asubuhi ile sikuzimia. Nilimwambia mama anipe mpaka magharibi.

Zile preseti nilizinunua mtandaoni, pakiti ya 60 kwa shilingi 45,000, kwa muuzaji ambaye simtaji. Nilichovutiwa nacho ni ile picha ya nusu kwa nusu, kushoto kabla na kulia baada, unasogeza mstari kwa kidole na dunia inabadilika. Kila picha ya mfano ilikuwa ya msichana wa Kizungu katika shamba la ngano jua likizama. Sikuliona hilo wakati ule. Niliona uzuri tu, nikalipa.

Nilichojifunza mchana ule ndicho ninachotaka mwenzangu akijue kabla hajatoa hela. Nilichukua picha moja ya mikono ya bibi harusi, nikaweka preseti, halafu nikaanza kufungua slaida moja moja kuona ilichofanya.

Lightroom inagawa rangi katika makundi manane: nyekundu, chungwa, njano, kijani, ile ya maji ya bahari, bluu, zambarau na magenta, ile pinki iliyokolea. Ngozi ya binadamu, iwe nyeupe au nyeusi tii, sehemu yake kubwa inaangukia kwenye chungwa. Ngozi ya Kizungu kwenye jua la jioni inakuwa nyekundunyekundu, kwa hiyo mtengenezaji wa pakiti alikuwa ameshusha ukolevu wa chungwa kwa 25 na kupandisha mwangaza wake kwa 20. Kwake inatoka ngozi laini kama krimu. Kwetu, chungwa ndiyo inayobeba joto lote la uso. Ukiitoa kinabaki kijivu, na ukipandisha mwangaza juu yake kijivu kinapauka. Na hina? Hina iliyoiva ipo palepale, kati ya nyekundu na chungwa. Slaida haijui ipi ngozi ipi hina, ikatoa vyote.

Kulikuwa na jingine. Ule mstari wa kupindisha toni ulikuwa umenyanyuliwa mwanzo wake, chini kushoto, ili weusi usiwe weusi kabisa. Ndiyo ile sura ya "picha ya zamani" inayopendwa sana. Bwana harusi wetu alivaa joho jeusi la tarizi ya dhahabu. Kwenye picha joho lilikuwa kama limefuliwa kwa jiki.

Nilirudisha chungwa sifuri, nikarudisha mstari wa toni ulivyokuwa, na hina ikatokea mbele ya macho yangu kana kwamba inaiva upya. Picha kumi na tano zilinichukua kama nusu saa. Magharibi mama akajibu kwa ujumbe wa neno moja, "Haya," na kwa mama wa kwetu hilo ni cheti.

Jambo hili lina ukoo. Enzi za filamu, maabara za kusafisha picha zilikuwa zikipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi za Kodak zilizoitwa Shirley. Rangi zikikaa vizuri kwake, mashine imepimwa. Nani alikuwa anapimwa kwa uso wa bibi yangu? Siwalaumu watengeneza preseti wa leo kwa hilo, kila mtu anapika kwa kuni za kwao, ila anayenunua ajue chakula kilipikwa kwa kuni gani.

Jua nalo ni la kwao. Sisi tuko karibu na ikweta, saa sita jua liko utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi, na jioni linazama kwa kushuka wima, ile dhahabu ya magharibi unaiona na kuipoteza kabla hujabadilisha lenzi. Preseti iliyoundwa kwa jioni ndefu za kaskazini ukiiweka kwenye picha ya saa saba mchana pale Raskazone, ufukweni kwetu Tanga, inazidisha manjano, mchanga unakuwa kama bizari.

Kabla sijaitupa pakiti niliijaribu mahali pengine, nikidhani labda tatizo ni watu tu. Nilikuwa na kazi ya nyumba ya wageni huko Lushoto: vyumba, bustani, mandhari ya milima. Preseti zilizoitwa za msituni zinavuta kijani kuelekea njano kisha zinakizima, inatoka ile kijani ya zeituni iliyokauka. Mwenye nyumba akaziangalia kwenye simu yake kwa muda mrefu, mzee mtaratibu, halafu akauliza kwa upole: "Huu ukame ulitupata mwezi gani?" Milima ile ya Usambara inauzwa kwa ukijani wake. Nilizihariri upya zote kwa mkono, na usiku huohuo nikaiondoa pakiti kwenye orodha, nikabakiza preseti moja.

Sasa nisije nikaeleweka kwamba preseti hazifai. Natumia Lightroom Classic, ile ya kompyuta, tangu 2019 na bila preseti nisingekuwa nalala. Harusi moja ya kwetu, ukihesabu siku ya hina, kutoa sanduku, nikahi na ukumbini, inaniachia picha mia tisa hadi elfu na mia mbili za kuhariri. Zamani nilikuwa namaliza kwa siku nne, sasa siku moja na nusu. Ila nimehama kutoka za kununua.

Kwanza nilianza na zilizomo ndani ya programu yenyewe, ambazo miaka yote nilikuwa nazipita kama vile za bure hazina maana. Kuna kundi la picha za watu lililogawanywa kwa rangi ya ngozi: nyeupe, ya kati, na nyeusi. Zile za ngozi nyeusi zimenishangaza kwa uzuri. Zinaacha weusi uwe weusi na unang'aa pale unapopaswa kung'aa, kwenye kipaji na mifupa ya mashavu. Namba moja hadi tatu nazitumia sana.

Pili, kuna slaida ya kiasi inayotokea ukishaweka preseti. Inaanza na 100, unaweza kuishusha hadi sifuri au kuipandisha hadi 200. Mimi karibu kila mara naiacha kati ya 50 na 70. Watu wengi hawaigusi kabisa, ni kama kumwaga pilipili yote ya kifuko kwenye sufuria kwa sababu imekuja na kifuko. Ukitengeneza preseti yako, kuna mahali pa kuweka tiki ili slaida hiyo ifanye kazi nayo. Usisahau, mimi nilisahau kwa miezi.

Tatu, na hili ndilo lililobadilisha kazi yangu, nilitengeneza zangu. Ninazo tano. Moja inaitwa Hina: chungwa haiguswi, nyekundu imeongezwa ukolevu kidogo tu, vivuli vimenyanyuliwa, basi. Nyingine ni Raskazone mchana, inayofungua macho yaliyozama na kutuliza weupe wa kanzu. Kuna ya Ndani, kwa nyumba zenye taa nyeupe na ukuta wa kijani wa rangi ya mafuta unaotupia ukijani kwenye nyuso za watu. Ya nne ni ya Ukumbi. Wenye kumbi siku hizi wanapenda taa za zambarau, wageni wanatoka kama bilinganya. Nimeshusha zambarau na magenta, inasaidia nusu. Nusu nyingine ni flashi, na hapo hakuna preseti itakayokuokoa. Ya tano ni ya Jioni, naitumia mara chache.

Siri ya hizi tano ni vitu nilivyokataa kuweka ndani. Unapohifadhi preseti programu inakuuliza mipangilio gani ihifadhiwe, na wengi wanaacha tiki kwenye kila kisanduku. Mimi natoa mwanga na natoa mizani ya weupe, yaani ile inayoamua picha iwe ya joto au ya baridi kwa rangi. Picha moja imepigwa kivulini na nyingine juani, huwezi kuzipa mwanga uleule. Mizani ya weupe ina balaa zaidi. Kwenye faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazipika, joto la rangi linapimwa kwa kipimo cha Kelvin, lakini kwenye JPEG rangi zimeshaokwa na kamera, slaida inakwenda kutoka hasi 100 hadi chanya 100. Mdogo wangu anayenisaidia hupiga JPEG kuokoa nafasi kwenye memori kadi. Preseti moja, harusi moja, kamera mbili, na wageni wanaonekana kama walihudhuria sherehe mbili tofauti.

Kuna makosa ambayo hata preseti nzuri itakusaidia kuyafanya haraka zaidi. Zipo zinazotambua sehemu za uso zenyewe, mojawapo inang'arisha meno. Niliiweka kwa mkupuo kwenye picha mia mbili za siku ya sanduku, nikaenda kuswali, nikarudi nikazitoa bila kuzipitia. Humo kulikuwa na bibi mzaa mama, mtafuna tambuu wa miaka yote, kinywa chekundu, na kila mtu mtaani anamjua hivyo. Nilimpa meno ya kijivu yenye mng'ao kama vigae. Wajukuu walicheka hadi leo wanacheka. Bibi mwenyewe alitazama akasema, "Huyu ni nani?" Kosa langu, nisitafute wa kumbebesha.

Kuhusu aina za faili na simu: preseti za kompyuta zilizokuwa na mwisho wa lrtemplate zilibadilishwa kuwa xmp mwaka 2018, hivyo ukiuziwa faili za zamani ujue ni mzigo wa siku nyingi. Wauzaji wengi wa preseti za simu wanakupa DNG, yaani picha iliyobeba mipangilio. Unaiingiza kwenye Lightroom ya simu, unahifadhi mipangilio yake kama preseti yako, imekwisha. Kwa mwenye duka la madera anayepiga picha za bidhaa kwa simu hiyo inatosha, ila awe mwangalifu: mteja akipokea dera la rangi tofauti na aliyoiona, hatakumbuka kuuliza habari za preseti.

Na zipo preseti ambazo hakuna anayeziuza wala kuzisifia, za kutolea picha nje ya programu. Ninazo mbili. Ya simu inatoa picha ya pikseli 2048 upande mrefu, ubora 80, rangi za sRGB, zile za kawaida za simu na mtandao, na chapa yangu ndogo kona ya chini. Nikizituma WhatsApp natuma kama faili, maana zikienda kama picha zinabanwa na tarizi ya joho inakuwa ukungu. Nyingine ni ya kusafishia albamu, ukubwa kamili, bila chapa. Kabla ya hiyo ya pili huwa naongeza mwanga kidogo kwenye picha zote, kwa sababu karatasi haina taa nyuma yake kama kioo, na ngozi nyeusi ikizama kwenye karatasi haikutoki tena. Hizi mbili zimeniokolea muda kuliko preseti yoyote ya rangi niliyowahi kuwa nayo.

Kwa pakiti ile ya 45,000 natoa nyota mbili kati ya tano, na moja ni ya ukarimu. Nyota tano kwa slaida ya kiasi. Anayetaka kununua ya mtu amuombe mfano mmoja wa picha ya ndani ya nyumba, ya mtu mweusi, iliyopigwa mchana. Akishindwa kuutoa, hela ibaki kwenye M-Pesa.

Ile moja niliyobakiza kati ya 60 ni ya nyeusi na nyeupe. Naitumia kwa wazee. Na hata hiyo, niliishusha chungwa yake kwanza.