TAHADHARI: Boti ya faiba iliyopakwa rangi juzi, usitoe advansi kabla hujaigonga

Ndugu wavuvi, nanyi mnaotafuta boti ya mtumba ya kubebea watalii: kuna wauzaji huku mwambao wanaziba nyufa kwa puti ya magari, wanapiga rangi nyeupe juu, kisha wanakuapia kuwa boti ni nzima na ilikuwa inalala bandani. Picha zinapendeza kweli. Ikishapiga mawimbi wiki chache, ufa unarudi palepale, kwa sababu puti ile ina unga wa talki unaonyonya maji, na ufa wenyewe haukuguswa.

Mjue kinachofichwa. Ngozi ya juu ya faiba, yaani jelikoti, ina unene wa karibu nusu milimita tu. Haipindiki kama faiba iliyo chini yake, kwa hiyo faiba ikinepa, ngozi inapasuka. Nyufa zilizotawanyika kama miale kutoka nukta moja zina maana boti iligongwa hapo au iliangukiwa na kitu kizito. Nyufa zinazoanzia kwenye tundu la bolti mara nyingi ni za bolti iliyokazwa kupita kiasi. Nyufa ndefu zinazokwenda sambamba, kando ya mataruma (mbavu za ndani za boti) au kwenye ukuta wa nyuma unaobeba injini, zinasema boti inanepa. Hizi ndizo wanazokimbilia kuzifunika, na ndizo zitakazokula pesa zako.

Nenda asubuhi jua likiwa chini, uutazame ubavu kwa mshazari. Kiraka cha puti huonekana kama kidimbwi kisichong'aa sawa na jirani zake. Kisha gonga kwa sarafu au kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, kila sentimita tano. Faiba nzima hulia "ta, ta"; palipoachana tabaka au palipojazwa puti nene hulia "du". Sauti ikibadilika, chora duara kwa chaki na uendelee. Muuzaji akikukataza kugonga, ondoka. Omba pia kufuta sehemu ndogo kwa kitambaa chenye asetoni: rangi ya kawaida ya kopo hulainika na kuchafua kitambaa, jelikoti iliyokauka vizuri haiachii. Halafu fungua vifuniko uingie ndani na tochi, uangalie upande wa pili wa kila duara ulilochora. Ukiona nyuzi zimekuwa nyeupe, faiba yenyewe imevunjika.

Ufa wa jelikoti peke yake si kazi ya kutisha, na fundi asikutoze kama anajenga boti upya. Unafunguliwa kwa ncha kali uwe mfereji wa umbo la V hadi chini kabisa. Mzizi ukiachwa, utarudi. Kingo zinapigwa msasa namba 80, zinafutwa kwa asetoni na kuachwa zikauke. Gramu 100 za jelikoti huchukua hadina (dawa ya kuigandisha) gramu 1.5 hadi 2, na kwa joto la pwani 1.5 inatosha. Jaza ipande kidogo juu ya uso kwa sababu hunywea, kisha funika kwa nailoni: jelikoti isiyo na nta hubaki inanata ikiguswa na hewa. Ikishakauka, msasa wa maji 400, 600, 1000, ndipo uing'arishe. Ila kwa nyufa za kunepa, kazi inaanzia ndani, kwa kuongeza tabaka za faiba au taruma. Anayepaka juu tu anakuibia mara ya pili.

Jihadharini pia na jelikoti ya kupimiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Nyingine zimechanganywa na thina, na hadina imekaa juani mpaka imepoteza nguvu. Jaribu kwanza gramu 50 kwenye kikombe: ikipita saa nzima mchana wa joto na bado ni maji, usiipeleke kwenye boti. Na ukiuziwa kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) kando, ikoroge kwenye rezini (maji ya faiba yanayoganda) kwanza mpaka ichanganyike, hadina iingie mwisho. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe kwa zenyewe, hulipuka au kushika moto, na tone moja la hadina jichoni linaweza kupofusha. Vaeni miwani ya kazi.