QGIS kwa mhitimu wa mazingira anayesaka kazi ya kwanza: nyota nne kati ya tano

QGIS ni programu ya kompyuta ya kuchora na kuchambua ramani; ni ya bure, na ndiyo iliyoniingiza kazini. Nayasema hayo mawili mapema kwa sababu mhitimu wa sayansi ya mazingira aliyerudi kitaani na bahasha yake ya kaki hana nafasi ya kusoma sifa za juujuu. Anataka kujua kama jasho lake litalipa. Kwa QGIS, linalipa.

Kampuni za ushauri wa mazingira hapa Dar es Salaam, hizi zinazoandaa tathmini ya athari kwa mazingira, hazina watu wengi wa kudumu. Kazi inaongozwa na mtaalamu aliyesajiliwa, na usajili unadai uzoefu, kwa hiyo kiti hicho si cha mtu aliyetoka kuvaa joho juzi. Mtu wa ikolojia na mtu wa jamii huitwa mradi unapopatikana. Ila hakuna ripoti isiyotaka ramani: mradi uko wapi, vijiji gani vinaupakana, mto unapita wapi, msitu wa hifadhi unaanzia wapi. Mara nyingi ramani zote zinamsubiri mtu mmoja aliyezidiwa. Upenyo wa mhitimu uko hapo.

Chuoni tulifundishwa programu ya kulipia kwa leseni ya chuo. Siku unayomaliza, leseni inabaki chuoni na wewe unabaki na cheti. QGIS haikufanyii hivyo. Ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, inaendelezwa na watu wa nchi nyingi, na hakuna siku itakayokuambia muda wa majaribio umekwisha. Halafu ina undugu na mji wetu. Plagini (kiongezo cha programu) ya kuainisha picha za setilaiti, ile inayoitwa Semi-Automatic Classification Plugin, Luca Congedo aliiandika kwanza kwa ajili ya mradi uliohusu mabadiliko ya tabianchi katika pwani ya Dar es Salaam. Leo inatumika duniani kote. Nilipolijua hilo nilifurahi kwelikweli, na bado nafurahi kila ninapoifungua.

Sasa kwa anayetaka kujaribu, zoezi lililonipa kazi ni hili. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, ziwa na bahari. Nikauchukua Mto Msimbazi, kuanzia vilima vya Pugu hadi unapomwaga maji baharini, nikachora ukanda wa mita 60 kila upande, kisha nikaweka juu yake majengo kutoka OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Majengo hayo yamechorwa vizuri kwa sababu ya Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 na kuwatuma wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi kuchora mitaa yao, hasa ile inayofurika. Data ni ya bure, sheria iko wazi, mto kila mtu anaujua. Anayekuhoji haraka anaona kwamba unajua sheria inasema nini na unaweza kuionyesha ardhini.

Mama aliyenihoji hakuuliza alama zangu. Aliniambia, "Haya, mwanangu, fungua hiyo laptopu." Akaitazama ramani, akauliza nimetumia mfumo gani wa majira, yaani namba zinazoonyesha kila kitu kiko wapi ardhini. Nikamjibu: WGS 84, UTM kanda ya 37 Kusini, unaopima kwa mita; namba yake kwenye programu ni 32737. Swali hilo si la mtego. Data nyingi za kupakua huja katika digrii za latitudo na longitudo, na ukiiambia programu ichore ukanda wa 60 juu ya data ya namna hiyo, itachora digrii 60, yaani utaifunika Afrika Mashariki yote na kuvuka mipaka. Lazima uihamishie kwenye mita kwanza. Ramani za zamani za Tanzania nazo zina mfumo wao, Arc 1960, na ukiuchanganya na pointi za GPS bila kubadilisha, vitu vinahama kwa takriban mita 300. Katika kazi ya machimbo ya kokoto, mita 300 zinatosha kukitoa kisima cha kijiji ndani ya eneo la athari kwenye karatasi, huku watu wanaendelea kuyanywa maji yake. Ndiyo maana somo hili nalishikilia sana.

Kwa nini nyota nne? Kwanza, faili la kuisakinisha linazidi GB 1, na kwa anayeishi kwa bando hiyo ni hela. Nenda na flashi kwa rafiki aliyekwisha kulipakua, ulinakili. Pili, plagini hutegemea toleo. Toleo la 3 lilipotoka mwaka 2018, plagini nyingi za zamani zilihitaji kuandikwa upya. Chukua toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, lile lenye alama ya LTR (Long Term Release), usikimbilie jipya kabisa. Tatu, sehemu ya kupanga ramani kwa ajili ya kuchapa inataka subira, na huko ndiko ripoti inakopata sura yake: kipimo, mshale wa kaskazini, chanzo cha data, tarehe.

Na kuna kazi ambayo programu yoyote haiifanyi. Kwenye mkutano wa kijiji, mzee alituambia korongo lililoonekana kavu kwenye picha hujaa maji masika na hukata njia ya watoto kwenda shule. Setilaiti ya Sentinel-2 inaona mraba wa mita 10 kwa 10, na picha ile ilikuwa ya kiangazi. Tulilichora korongo kwa maneno yake, kisha tukaenda naye kulikagua.

Wadogo zangu mnaomaliza mwaka huu, kama laptopu ina RAM ya GB 4 msianze na mkoa mzima. Chukueni kata mnayoishi, mto au ufukwe wake, na mita 60 za kifungu cha 57.