Uzoefu wangu: kuzamia Vashj'ir kwenye World of Warcraft nikiwa Dodoma

Ntaanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka zake asisumbuke kusoma mpaka chini. Vashj'ir ndo sehemu nzuri kuliko zote nilizowahi kuzunguka kwenye World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ambayo watu wanacheza pamoja, na wachezaji wengi ukiwauliza watakwambia iogope kama ukoma. Mi nimeimaliza yote, kuanzia meli inavyozama mpaka danjoni ya mwisho (sehemu ya kuingia kundi mkapigane na mabosi), na naona hawa wanaoiponda wanayalaumu maji bure, tatizo la Vashj'ir halipo kwenye maji, lipo sehemu nyingine kabisa na ntalifikia.

Kwa asiyejua, hii ni kanda nzima ya gemu iliyo chini ya bahari. Sio ziwa la kuogelea dakika mbili utoke, ni kanda nzima, milima, mabonde, magofu, vyote viko chini ya maji. Ilikuja na Cataclysm, toleo la nyongeza la gemu, tarehe 7 Desemba 2010, kipindi hicho mi nipo shule ya msingi na intaneti ni ya kulipia kwa nusu saa kafe, kwaiyo nimeifikia nikiwa nimechelewa miaka mingi. Imegawanyika mara tatu, Kelp'thar Forest, Shimmering Expanse, af Abyssal Depths, na enzi zile ukifika leveli 80 ulikuwa unachagua uende huku au uende mlimani Hyjal. Wengi walikimbilia Hyjal. Saivi unaenda kuongea na Chromie, mhusika wa gemu anayekupeleka enzi za nyuma, mjini unamwambia unataka enzi ya Cataclysm, basi maadui wanakuja kulingana na leveli yako, ingawa ukiwa na akaunti mpya kabisa wanakupitisha kwanza kwingine kabla hawajakuachia uchague.

Mi nacheza upande wa Horde, moja ya pande mbili zinazopigana kwenye gemu. Unachukua misheni kwenye ubao Orgrimmar, mji mkuu wetu, unapanda meli na wanajeshi wa Nazgrim, jamaa anaongea kwa majigambo kweli kweli, kwamba wanaenda kuchukua kisiwa, mara maji yanachafuka, mikono ya pweza inaibuka pande zote, meli inavunjwa vipande. Hupigani hata kidogo. Unazinduka chini, manusura wamejibanza kwenye mabaki ya meli, na hapo ndo unakutana na shamani Erunak Stonespeaker. Mkumbuke huyu mzee. Anakufanyia dawa inaitwa Sea Legs, na hiyo dawa ndo imebeba kanda nzima, yani bila hiyo ningefuta gemu siku ileile.

Kwanini nasema hivo. Gemu nyingi ukiingia majini unapewa kile kimstari cha pumzi, kinaanza kupungua, na wewe akili yote iko kwenye kimstari, huoni matumbawe wala nini, unawaza kupanda juu tu. Sea Legs inakiua hicho kimstari moja kwa moja, unapumua, unaogelea kwa kasi kuliko kawaida, na kubwa kuliko yote ukikanyaga sakafu ya bahari unakimbia. Unakimbia kabisa kama uko nchi kavu! Mchanga unatifuka miguuni, ukitaka kupanda unagusa Space unaelea, ukitaka kushuka unashika X. Mtu anayesema Vashj'ir inamchanganya mara nyingi ukimwangalia anaogelea katikati ya maji muda wote wakati misheni karibu zote za Kelp'thar zinafanyika pale chini kwenye mchanga. Shuka chini kimbia, utaona inavyokuwa rahisi.

Niseme na hili, mi ni mtoto wa Nkuhungu. Maji tuliyokua nayo ni ya kwenye dumu, na korongo likijaa siku mvua ikinyesha watu wanatoka kwenda kushangaa. Bwawa la Hombolo nimeenda kula samaki, kuogelea sijui na sina mpango. Kwaiyo kuna kitu kwenye kuwasha laptop mwezi wa tisa, nje upepo wa Dodoma unapeperusha vumbi mpaka mabati yanalia, huku wewe unapita katikati ya mwani mrefu kama minara ya simu, mwanga wa jua unashuka kutoka juu kabisa ukiwa umekatikakatika, samaki wanapishana na wewe kichwani. Siwezi kukueleza vizuri. Dogo wangu alikaa pembeni akaangalia kimya muda mrefu tu, mwisho akauliza, "Kaka, hapo juu kuna nini?" Nikampandisha mpaka usoni kabisa akaona bahari tupu hadi upeo wa macho, akasema rudi chini bwana.

Ukiwa hukohuko Kelp'thar usiache misheni ya farasi wa baharini. Ni kipando cha bure na kinafanya kazi Vashj'ir tu, na kasi yake ni balaa, yani kabla hujampata kanda inaonekana kubwa mno na baada ya kumpata inakuwa ya kawaida. Nimekutana na watu wameruka misheni hiyo kwa vile walikuwa na haraka ya leveli halafu wanalalamika umbali. Sasa hapo alaumiwe nani?

Shimmering Expanse ndo moyo wa kanda. Ukitoka kwenye msitu wa mwani panafunguka, maji yanakuwa meupe, matumbawe ya kila rangi, na katikati kuna magofu ya mji wa zamani wa night elf uliozama, nguzo zimelala, ngazi zinapanda zinaishia hewani. Naga wamejaa humo, wale nusu nyoka nusu mtu. Kuna misheni unashika upanga wa mpiganaji mmoja wa kike wa naga, ghafla unaona mambo kupitia macho yake, unakuwa yeye, unavaa mwili wa naga unapigana vita vyao. Unaua watu ambao mwanzoni ulikuwa upande wao. Misheni hizo zinarudi kwa awamu na kila awamu unazidi kuelewa naga wanatafuta nini kwa Neptulon, bwana wa maji. Gemu ya 2010 kufikiria hivo mi nawapa heshima yao.

Halafu kuna Nespirah. Kwa mbali unaona kama gamba kubwa limekaa chini, unaingia unakuta ndani kuna hewa, kuna njia, mateka wa naga wanafanyishwa kazi, unaanza kuwachochea waasi, na katikati ya vurugu unagundua hilo gamba ni kiumbe hai na lenyewe linaumia na linaongea na wewe. Nilisimama pale nikasoma kila neno, na mi ni mtu wa kubonyeza kubali kubali bila kusoma.

Pia huku anazunguka papa potwe mkubwa kuliko nyumba. Hakugombezi mpaka umguse. Enzi za leveli 85 alikuwa hauliki na mtu mmoja, ilibidi watu wajikusanye kundi, siku hizi mwenye leveli ya juu anammaliza peke yake ndani ya muda mfupi, mi nimemwacha. Papa potwe tunao wenyewe Mafia, watu wanatoka Ulaya wanakuja kuogelea nao kuanzia kama Oktoba mpaka Machi, na mi wa kwanza kumuona ni huyu wa kwenye gemu. Ipo siku ntaenda, japo kwa kuangalia nikiwa kwenye boti.

Sasa Abyssal Depths. Hapa siwatetei. Giza, mabonde ya mawe meusi, misheni zinaanza kujirudia, ua kumi hawa, okota nane zile, ingia ndani ya L'ghorek ambaye ni lidude jingine kubwa na ukishatoka kwa Nespirah unajiuliza si nilishafanya hii. Na ramani ndo inakuumbua kabisa. Ramani ni bapa, alama inakuonyesha misheni ipo hapohapo uliposimama, kumbe ipo kwenye pango lililo chini yako na mlango wake uko upande wa pili wa bonde, unazunguka unazunguka. Dogo alishikwa na kizunguzungu kweli, akaenda kulala. Kama na wewe tumbo linachafuka kwa gemu za kuzungusha kamera cheza kwa vipande vifupi, na sogeza kamera mbali na mwili wa mhusika, inasaidia. Kitu pekee nilichofurahia huku ni kaa mmoja adimu anaitwa Ghostcrawler, jina alilokuwa anatumia mkuu wa wabunifu wa mifumo ya gemu kipindi kile, Greg Street. Wachezaji wa aina ya wawindaji wanamfuga.

Danjoni yenyewe, Throne of the Tides, mnaingia watu watano, na imetulia. Mnapandishwa juu na yavuyavu kubwa badala ya lifti, hiyo tu imenichekesha. Bosi wa kwanza Lady Naz'jar, wa pili Ulthok, wa tatu mnafika mnamkuta Erunak. Yule yule mzee aliyewapa pumzi. Kuna kidude kimemkalia kichwani, Ghur'sha, kinamwendesha, inabidi mumpige mpaka kimwachie kisha mhamie kwenye kidude. Niliocheza nao walikuwa Wazungu wanakimbia tu bila salamu, wamezoea, danjoni hii ilirudishwa mwaka 2023 kwenye Mythic+, zile danjoni ngumu za kukimbizana na muda, kwaiyo kila mtu anaijua kwa kichwa, ila mi pale nilipunguza mkono kidogo, aisee ni mzee wetu.

Mwisho mnapigana na Ozumat, yule pweza aliyezamisha meli mwanzoni. Mnamshinda, halafu anamkamata Neptulon anaondoka naye. Basi. Imeisha. Kulikuwa na mpango wa kuleta Abyssal Maw ambayo ingeendeleza hapo, ikafutwa, kwaiyo unatoka pale umetumikia bahari nzima na yule uliyekuja kumwokoa kachukuliwa mbele ya macho yako. Neptulon anaonekana tena miaka ya mbele kwenye toleo la Legion kama hakuna kilichotokea. Hata Nazgrim wamemfanyia hivo, ukimpenda humu jiandae, anakuja kuwa bosi wa kuuawa kwenye Siege of Orgrimmar, vita ya kundi kubwa la wachezaji.

Hili ndo tatizo nililosema. Kanda ni ndefu mno, theluthi yake ya mwisho imechoka, na hadithi imekatwa shingo. Hayo ndo yanayomuudhi mtu. Ila waliochukua funzo walichukua la kuogopa maji. Angalia Nazjatar, kanda ya gemu hiihii ya 2019, ni makao ya naga, chini ya bahari, na walichofanya ni kuyapasua maji ili utembee pakavu, maji yamesimama ukutani kama pambo. Ni pazuri, sikatai, ila ni nchi kavu. Kwenye gemu nyingine, Final Fantasy XIV walileta kuzamia kwenye toleo la Stormblood mwaka 2017, unaogelea unashangaa lakini chini kule hupigani. Guild Wars 2 walijaribu kwa nguvu, wakaweka silaha za majini peke yake, mkuki, bunduki ya chusa, halafu taratibu wakaachana na maeneo mapya ya aina hiyo. Kwaiyo mpaka leo ukitaka bahari ya kuishi ndani yake, ukaongea na watu, ukapigana na ukapotea, unarudi kwenye kanda ya 2010.

Kuhusu gharama, maana najua mtauliza. Kulipia mwezi kwa Ulaya ni euro 12.99, kwa pesa yetu inacheza kwenye elfu thelathini na kitu kwenda arobaini kutegemea na rate ya siku hiyo, na hiyo inafungua vipande vyote vya zamani, huna haja ya kununua Cataclysm kivyake. Mpaka leveli 20 ni bure kwaiyo pima kwanza mashine yako. Kinachouma ni kupakua, gemu inapita GB 100, usijaribu na bando la simu, mi niliunga kwa mshkaji mwenye wifi ya nyumbani Area C nikaacha laptop inakoroma usiku kucha. Ukishapakua, kucheza kwenyewe hakuli bando sana. Laptop iwe na SSD, na kama ni kimeo kama yangu shusha ubora wa maji kwenye mipangilio ya picha, maji yatapoteza urembo kidogo ila hayatakwama.

Pingi, yani muda wa ishara kwenda na kurudi, kutoka Dodoma kwenda seva za Ulaya iko juu, jioni ndo inaruka ovyo. Na hapa Vashj'ir ina faida ambayo sijaona mtu anaisema, ukiwa nchi kavu mtandao ukikata uko kwenye kipando cha kuruka unaweza kurudi umeanguka umekufa, majini hauanguki. Umeme umekatika huku mtaani, nikarudi baadae, mhusika wangu anaelea palepale nilipomwacha, samaki wanapita zao.

Ushauri wa mwisho kwa anayeanza, ukimaliza Nespirah na zile misheni za upanga wa naga, nenda danjoni moja kwa moja, Abyssal Depths utairudia ukijisikia. Na kama kuna mtu yupo seva za Ulaya tuwasiliane, kuna farasi mwitu adimu anaitwa Poseidus anatokea sehemu kadhaa humo chini, ukimuua lazima anatoa kipando, na kila nikifika nakuta kashauawa. Usiku wa manane saa za kwetu nipo.