Flashi kwenye jua kali: nunua nguvu kwanza, mwendo wa 1/8000 baadaye

Picha ikitoka na utepe mweusi upande mmoja, usikimbilie kulaumu flashi. Shata (mlango wa mwanga wa kamera) ya mapazia mawili hufunguka wazi kabisa hadi mwendo fulani tu. Kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukizidi hapo, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza safari, na sensa (kihisi kinachonasa picha) hupata mwanga kupitia ufa unaotembea. Mmweko wa flashi ni wa kufumba na kufumbua, hivyo huikuta sehemu ya sensa imefunikwa.

Tabu ni kwamba jua la mchana, kwa ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga) na f/2.8 (tundu la lenzi lililo wazi sana), linataka takriban 1/3200, mbali kupita kikomo hicho.

Chaguo langu la kwanza ni flashi ya betri ya wati-sekunde 200 yenye HSS (uwezo wa kufanya kazi na shata ya mwendo wa juu), kama Godox AD200, pamoja na triga (kifaa cha kuiwasha kwa mbali) iliyotengenezwa kwa chapa ya kamera yako. HSS, ambayo Olympus waliileta mwaka 1986 na flashi ya F280, hupigapiga mfululizo mpaka ufa umalize kupita. Hapo nguvu huliwa: stopu mbili hivi (kila stopu ni kupungua kwa nusu ya mwanga) hupotea mara moja, na kila ukiongeza mwendo maradufu, nusu ya mwanga wa flashi inakwenda. Kwa hiyo "1/8000" kwenye boksi hainibabaishi. Flashi ndogo za juu ya kamera nazo hujisifia hivyo hivyo, kumbe softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) ikisogezwa mita tatu tu zinahema. Hizo naziweka nafasi ya tatu.

Ya pili ni filta ya ND16, kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga. Inakata stopu nne, unabaki 1/200 kwa f/2.8, na flashi inapiga mmweko wake mzima. Inadharauliwa bure. Ila filta hafifu huharibu rangi ya ngozi, kwa hiyo hapa usibane senti.

Ya nne, Fujifilm X100VI: shata yake imo ndani ya lenzi, hivyo hakuna ufa unaotembea, na ND ya stopu nne imejengwa humo humo. Lenzi haibadilishwi, basi.

Sony a9 III haina mapazia kabisa na huenda sambamba na flashi hadi 1/80000. Ni ya mwisho kwa sababu ya bei tu.

Kabla ya kulipa, piga picha ya ukuta mweupe kwa flashi hiyo, kwa 1/2000. Utepe ukionekana kwenye Nikon, washa kwanza Auto FP (jina la Nikon la HSS) kwenye menyu, kisha ujaribu tena.