Miwani ya uhalisia pepe: ipi inafaa kibanda cha gemu na ipi inafaa sebuleni

Mbali na PlayStation za kawaida, kibanda changu cha gemu hapa Kijenge, Arusha, kina miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kukuweka ndani ya gemu, na haipiti wiki bila mteja kuniuliza anunue ipi kwa ajili ya nyumbani. Aina tatu zimepita mikononi mwangu: PlayStation VR2 ya Sony, Meta Quest 3S na Meta Quest 3. Jibu langu huwashangaza wengi, kwa sababu miwani ninayoitegemea kibandani siyo ile ninayomshauri mzazi wa Njiro amnunulie mwanawe.

Nilianza na PlayStation VR2, iliyoingia sokoni Februari 2023, kwa kuwa PlayStation 5 (PS5) nilikuwa nayo tayari na miwani hii bila PS5 haina kazi, isipokuwa uwe na kompyuta yenye nguvu na adapta yake maalumu. Skrini zake ni za OLED, ambazo kila pikseli (nukta ya picha) hutoa mwanga wake yenyewe, kila jicho likipata pikseli 2000 kwa 2040, na weusi wake ni weusi kweli: mteja anayeendesha gari usiku katika Gran Turismo 7 huona giza la barabarani, wala si kijivu kilichofifia. Runinga nayo huonyesha anachokiona mchezaji, jambo ambalo kwa kibanda ni mtaji, maana watano waliokaa kwenye benchi wakisubiri hucheka, hupiga kelele, na mwishowe kila mmoja hutaka zamu yake. Quest pia huweza kurusha picha kwenye simu au runinga, lakini hapo unahitaji waifai iliyotulia.

Ubaya wake ni waya. Una urefu wa mita 4.5, na kwa dereva aliyeketi kwenye usukani haumsumbui hata kidogo, lakini mpe miwani hiyo kijana anayecheza gemu la kupigana akiwa amesimama, atageuka mara tatu na kujikuta amefungwa miguu kama mbuzi aliyeuzunguka mti wake. Halafu kuna umeme. Ukikatika, PS5 inazimika, miwani inazimika, na mchezaji anabaki gizani akiuliza kama ameharibu kitu. Quest zina betri na kompyuta yake ndani, kwa hiyo mchezo unaendelea kwa takriban saa mbili au zaidi kidogo. Ila zinatumia kamera kujua mahali zilipo na mikono ilipo, kwa hiyo chumba chenye giza huzivuruga. Ninaweka taa moja ya chaji ukutani kwa ajili hiyo tu.

Watu wengi hulinganisha Quest 3S na Quest 3 kwa bei: ya kwanza ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299.99 za Marekani, ya pili ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 499.99, na hadi zifike Arusha huongezeka usafiri, ushuru na faida ya aliyezileta. Zote mbili zina kichakataji kilekile cha Snapdragon XR2 Gen 2 na RAM ya GB 8, hivyo gemu zinazochezeka kwenye moja huchezeka kwenye nyingine. Tofauti kubwa iko kwenye lenzi. Quest 3S ina lenzi za Fresnel, zenye mifereji ya duara kama miviringo ya gogo lililokatwa, na picha huwa safi pale tu jicho linapokuwa katikati kabisa. Umbali kati ya lenzi zake, unaopaswa kulingana na macho ya mvaaji, hurekebishwa kwa ngazi tatu pekee. Quest 3 ina lenzi bapa zinazoukunja mwanga ndani yake kabla haujafika machoni. Ndiyo maana ni nyembamba zaidi kwa mbele, picha yake ni safi karibu hadi pembeni, na ina kigurudumu cha kurekebisha umbali huo kidogo kidogo.

Jumamosi moja alikuja dada aliyetoka kusukwa rasta siku hiyohiyo, kazifunga fundo kubwa kisogoni. Nilimvalisha PlayStation VR2, ambayo ina pete ngumu inayokaa kwenye paji la uso na kisogoni. Fundo likaisukuma pete juu, lenzi zikapanda.

“Kaka, mbona naona ukungu?”

“Shusha nyuma kidogo, dada.”

Alishusha, ikapanda tena. Dakika nne za zamu yake ya dakika kumi zikaishia hapo. Nilipomvalisha Quest 3, nikipitisha rasta kwenye uwazi wa mkanda wa nyuma, ilikaa upande kidogo na bado akaona vizuri. Nikafahamu kwamba kibandani, ambako kila baada ya dakika kumi huja kichwa kingine na macho mengine, lenzi inayosamehe ina thamani kuliko dola 200 zinazookolewa. Nyumbani hali ni tofauti: mtu mmoja au wawili hurekebisha mara moja na kuzoea, na hapo Quest 3S inatosha kabisa. Jambo dogo la kujua ni kwamba Quest 3S haina tundu la spika za masikioni, na Quest 3 inalo. Kwa makelele ya kibanda changu, hilo nalo si dogo.

Pedi za kuchezea za Quest hutumia betri moja ya AA kila moja, ambayo hata Mangi wa duka la mtaani anayo, wakati za Sony huchajiwa kwa waya, na ukisahau usiku, asubuhi huna biashara. Andaa pia bando la kutosha, kwa kuwa gemu nyingi ni za GB kadhaa. Sifongo ya usoni ifunike kwa silikoni na uifute kila mteja anapovua. Miwani isiachwe mlangoni juani, kwani lenzi hukusanya miale na kuunguza kioo cha ndani. Kwa watoto, Meta inaruhusu kuanzia miaka 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi, na Sony inasema miaka 12.

Kwa mwenye PS5 na usukani, bado namshauri PlayStation VR2, hasa tangu bei yake iliposhuka Machi 2025 kutoka dola 549.99 hadi 399.99. Yangu iko pembeni, kwenye kiti cha udereva, na haihami pale. Quest 3 ndiyo inayozunguka kwa wateja. Quest 3S niliirudisha nyumbani, ambako mke wangu ameirekebisha kulingana na macho yake na hataki mtu aziguse lenzi.