Uzoefu wangu: bunduki ya kale ya mitutu miwili na ziara tatu kwa fundi

Leseni yangu ilipokamilika, muuzaji mmoja wa silaha za kale alinionyesha bunduki mbili za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu). Ya kwanza ilikuwa na mitutu ya Damascus, yenye michirizi inayotokana na vipande vya chuma na feleji kusokotwa pamoja, kisha kufuliwa kwa nyundo hadi vikawa bomba. Inapendeza kuitazama, lakini alama zake zilionyesha kwamba ilijaribiwa kwa baruti nyeusi ya zamani pekee, si kwa ile ya kisasa isiyo na moshi, nami sikwenda kununua pambo la ukutani. Nilichagua ya pili, yenye mitutu ya feleji na mtambo wa aina iliyobuniwa na William Anson na John Deeley mwaka 1875, ambamo nyundo zimefichwa ndani ya mwili wa bunduki.

Kabla ya kulipa niliifungua, nikahakikisha kwamba haina risasi, nikaondoa kishikio cha mbele na kuitikisa huku imefungwa. Haikucheza. Nilivua mitutu, nikaining'iniza kwenye kidole kwa ndoano yake ya chini na kuigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama kengele, maana yake utepe unaounganisha mitutu haujaachia. Nilitazama ndani nikielekeza mitutu dirishani, na duara za mwanga zilikuwa zimenyooka isipokuwa mahali pamoja katika mtutu wa kushoto, ambapo kivuli kilipinda kama kucha. Palikuwa na kibonyeo kidogo. Muuzaji alikubali kupunguza bei, akaniongezea maboksi mawili ya risasi na kunihakikishia kwamba bunduki hiyo "inakula risasi yoyote ya kisasa." Hapo ndipo ninapomlaumu.

Sikuipiga. Niliipeleka moja kwa moja kwa fundi bunduki, na huduma yake ndiyo sehemu ya ununuzi huu ninayoisifu bila kusita. Alianza kwa kusoma alama za chini ya mitutu. Zilikuwa za nyumba ya majaribio ya Birmingham, Uingereza, mahali uimara wa bunduki hupimwa, iliyoanzishwa mwaka 1813, na pamoja na alama ya umbo la almasi yenye namba 12 na herufi C palikuwa na maandishi yanayothibitisha kwamba mitutu ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Maandishi ya namna hiyo yalianza kupigwa mwaka 1896, kwa hiyo bunduki haikuwa kuukuu kama nilivyoambiwa, jambo ambalo kwangu lilikuwa faraja. Lakini alama ni ushahidi wa siku ile tu ilipojaribiwa. Miaka mia ya kutu na kusuguliwa hupunguza chuma, kwa hiyo alipima unene wa kuta za mitutu hatua kwa hatua, akapata mahali pembamba kuliko pote kuna milimita 0.63. Kwa kawaida chini ya nusu milimita hakubali bunduki irudi kazini, na karibu na chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, hudai unene mkubwa zaidi ya huo. Kibonyeo alikiinua siku hiyo hiyo.

Kisha akapima urefu wa chemba: milimita 65. Nilimwonyesha zawadi ya muuzaji, risasi za milimita 70, nikamwambia kwamba zinaingia na bunduki inafunga vizuri. "Ganda hupimwa likiwa limeshafunguka, bwana," akanijibu, "si likiwa limekunjwa mdomo." Risasi mpya ni fupi kuliko namba iliyoandikwa kwenye boksi, na ndiyo maana huingia bila kulalamika; lakini inapolipuka, mdomo wa ganda hukunjuka hadi pale chemba inapoanza kubana, njia ikawa nyembamba na shinikizo likapanda. Nisingejua kamwe kwa kutazama. Alinishauri nitumie risasi za milimita 65 zenye shinikizo dogo na marisau (vile vigololi vya ndani) ya madini ya risasi, wala si ya feleji, ambayo ni magumu mno kwa mitutu ya aina hii.

Majaribio tulifanya uwanjani kwa bunduki iliyofungwa ndani ya gurudumu kuukuu, huku sisi tukiwa nyuma ya ukuta na kamba ndefu mkononi. Nilidhani ni madoido ya fundi mwangalifu kupita kiasi. Mtutu mmoja mmoja ulifyatuka vizuri, makasha yakatoka bila ufa na fataki, vile viwashio vya kitako cha risasi, zikiwa sawasawa. Akajaza yote miwili, akavuta kifyatulio cha mbele, kile cha mtutu wa kulia. Nilisikia mlipuko mmoja, mzito kuliko iliyotangulia, na gurudumu likaruka. Tulipofungua bunduki, makasha yote mawili yalikuwa matupu. Kidole cha chuma kinachoshikilia nyundo ya kushoto kilikuwa kimelika, na mshtuko wa mtutu wa kulia ulitosha kukiachisha. Bega langu lingepokea mapigo yote mawili kwa pamoja, na mtu asiyetarajia pigo hilo anaweza hata kuiachia bunduki.

Alirekebisha mtambo, tukarudia kwa kamba mara kumi, ndipo nikaiweka begani nikiwa na miwani na viziba masikio. Sasa ni bunduki tamu: nyepesi, inafuata jicho, na pigo lake ni la upole. Bado nachungulia mitutu kila ninapoifungua, na risasi za geji 20, zilizo nyembamba zaidi, sizibebi kabisa katika mfuko mmoja na hizi, kwa sababu moja ikitelezea ndani ya mtutu wa geji 12 hukwama mbele ya chemba, na inayofuata hupasua mtutu.

Yale maboksi mawili ya milimita 70 nilimrudishia muuzaji na kumweleza sababu. Aliyapokea, akayaweka rafuni karibu na bunduki ya Damascus.